Jumba Lisilosema Hakuna

4 Februari

Mrefu wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza ya kufungia zawadi, katikati ya karatasi za buluu na utepe wa fedha, na kila mteja anayepita ananiangalia kana kwamba anajua namwandikia nani. Sijali. Nimeolewa. Jana nilimwambia mzee wa lifti, "Shikamoo, mimi ndiye mke wa Mrefu," akanijibu, "Marahaba mama, umeshaniambia tangu Jumatatu."

Lori la bidhaa lilikuchukua kabla maua ya harusi hayajanyauka. Tangu hapo nalala upande wako wa kitanda, ili upande unaobaki wazi uwe wangu. Hivyo nikiamka naona kwamba anayekosekana ni mimi, na hilo nalivumilia kidogo.

Mama kanipa kazi. Mwezi wa tano Jumba lina sherehe ya kuzaliwa kwake, na kaka yako anataka historia ya duka iandikwe vizuri, iwekwe kwenye fremu karibu na mlango wa kuzunguka, mabibi waisome huku wakisubiri magari yao. "Wewe una mwandiko, na sekondari umemaliza," Mama aliniambia, "na bado huna la kufanya." Nimeona fahari kama niliyetunukiwa nishani. Nikaanza hivi: "Babu alibeba begi la vitambaa begani, akatembeza nyumba hadi nyumba." Mama akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Babu hakubeba begi," akasema. "Babu alisafiri na begi." Nikafuta. Nikaandika kwamba baadaye walipata chumba kimoja cha duka, na kwamba Babu alinunua lifti wakati nyumba haina hata ghorofa moja, ikabidi wajenge kuifuata lifti. Mama akasema, "Andika kwamba lifti ilitangulia." Nikafuta tena. Kwa mwendo huu nitajifungua mjukuu wake kabla sijafika ghorofa ya pili.

Tamu nimeiweka mwisho. Nimetupatia vyumba viwili, hapo nyuma ya Jumba, juu ya fundi saa. Kimoja kina dirisha kubwa linalotazama barabara. Unajua hapa juu ya duka tunapoishi ukuta ni wa mbao, na Mama yuko upande wa pili. Nikigeuka kitandani usiku, asubuhi ananiuliza kama nilikuwa na homa. Mwenye nyumba ni mama mchangamfu lakini ana haraka, anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Uliniambia unakwenda kusimamia rafu za tawi jipya majuma mawili tu. Basi niambie mambo mawili: tuvichukue, na unarudi lini? Mapazia nimeshaanza kuyashona.

Mkeo (acha niliandike tena, mkeo),
Kidoti

*

11 Februari

Kidoti changu,

Dereva alinikabidhi barua yako mbele ya maseremala, nikaisukumia ndani ya shati, ikanikwaruza kifua mchana kutwa. Sikuitoa mpaka walipokwenda kula. Nimeisoma nimeketi juu ya kreti la vikombe vya kioo, na kama kreti lingevunjika nisingesikia.

Habari ya vyumba imenifurahisha mno. Dirisha linalotazama barabara ni jambo zuri, hasa kwa mtu kama wewe anayependa kujua nani kavaa nini. Nimelipokea wazo lako na ninaliangalia kwa karibu. Kuhusu kurudi, kazi inakwenda vizuri na nitakujulisha.

Mapazia ni ya rangi gani? Na Mama, usimkasirikie. Kwake Jumba ni mtoto wa kwanza. Mimi na kaka tulikuja baadaye.

Nimejigonga kichwa tena, safari hii kwenye rafu niliyoipima mwenyewe.

Mumeo anayekuwaza,
Mrefu

*

17 Februari

Mrefu wangu, Mrefu wangu,

"Ninaliangalia kwa karibu." Nimeisoma sentensi hiyo mpaka ikachanika kwenye kunjo. Nikashuka moja kwa moja kwa mwenye nyumba, nikamwambia mume wangu amefurahi mno.

"Amefurahi ndiyo amekubali?" akaniuliza.

"Mama, wewe humjui mume wangu."

"Simjui kweli," akasema. "Ndiyo maana nauliza."

Lakini ameahidi kutushikia hadi mwisho wa mwezi. Mapazia ni ya manjano ya yai. Fundi wa ghorofa ya nguo alinipa mabaki ya hariri ya mapazia, nami nayashona mchana wakati wa chakula, chini ya meza, na sanamu za nguo zikinichungulia bila vichwa.

Historia imefika pazuri, na sasa nampenda bibi yako kama niliyemwona. Watu wote wa zamani wanasema Babu alikuwa mlango wa duka, na Bibi ndiye aliyekuwa duka. Yeye alichagua karatasi ya buluu. Yeye alikataa bei zisibandikwe kwenye vitu, akisema kitu kizuri kijitambulishe chenyewe kwanza. Na yeye ndiye aliyeweka lile bamba la shaba nyuma ya kaunta kuu: MTEJA HAAMBIWI HAKUNA. Nilikuwa nalipita kila siku kama napita saa ya ukutani. Sasa nimesimama nikalisoma, machozi yakanilengalenga. Hebu fikiri, nyumba nzima, ghorofa nne, na hakuna anayemvunja mtu moyo.

Na wanalishika kweli. Ijumaa alikuja yule bibi anayeitwa Mama wa Glavu. Anataka glavu za rangi ya papai bichi ziende na kofia yake. Msichana wa kaunta akainama akamwambia, "Tunakutafutia, mama." Nikauliza ameanza kuzitafuta lini. Mzee wa lifti akasema alipokuja mara ya kwanza wewe ulikuwa bado unavaa kaptula ya shule. Nimecheka mpaka utepe ukanianguka. Lakini ni jambo la kupendeza pia, sivyo? Kila Ijumaa anapanda lifti akiwa na tumaini jipya.

Hilo nimeliandika kuwa ndio moyo wa historia. Mama amesoma, na kwa mara ya kwanza hakufuta neno. Alivua tu miwani, akaniambia niende nikale.

Sasa niambie siku. Tarehe tu, hata kama ni mbaya.

Mkeo mwenye sindano mdomoni,
Kidoti

*

25 Februari

Kidoti changu,

Manjano ya yai itapendeza sana. Maswali yako yote nimeyapokea, na hakuna hata moja nililolipuuza. Mambo ya huku yamepanuka kidogo. Rafu za chini zimekwisha, sasa kuna habari ya ghorofa. Kaka ananiandikia mara kwa mara, nami namjibu.

Mwambie mwenye nyumba kwamba tunathamini uvumilivu wake. Jambo lake liko kwenye mikono mizuri.

Huku joto ni kali. Nakumbuka siku ya harusi ulivyonishika mkono wakati wa kupigwa picha, ukaniambia nisiuachie hata mpiga picha akisema. Nalikumbuka hilo nikipima mbao. Kula vizuri.

Mumeo,
Mrefu

*

3 Machi

Mume wangu,

Sikuiti Mrefu leo.

Niliipeleka barua yako kwa mwenye nyumba nikamsomea ile ya mikono mizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mwanangu, nimekuuliza ndiyo au hapana tangu mwezi wa pili. Mimi si mteja wenu." Vyumba amempa fundi viatu na mkewe. Wamehamia jana. Nimewaona wakipitisha kitanda dirishani, dirisha letu, kwa sababu ngazi ni nyembamba. Na dirisha wameliziba kwa gazeti.

Nikarudi nikaketi mezani kwa chakula cha mchana pamoja na Mama na kaka yako, na uso wangu ulivyokuwa hata chumvi hakuna aliyeniomba. Kaka yako akaamua kunifariji. "Shemeji, usijali. Mwaka mmoja si kitu. Unapita hivi."

"Mwaka gani?"

"Huo wa tawi jipya. Mrefu hajakuandikia?"

Mume wangu, unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Ameandika. Analiangalia." Nimeshakuwa mtu wa Jumba. Nimelisema kwa sauti ile ile ya kaunta, na kichwa nikainamisha.

Mwaka. Na mimi nimekuwa nikilala upande wako wa kitanda kama mjinga, nikihesabu majuma mawili ambayo hayakuwahi kuwepo. Nimezisoma barua zako zote upya, kwa mpangilio. Zina upendo, sikatai, umejaa tele. Hazina jibu hata moja. Nilitafuta hapana kama mtu anayetafuta pete kwenye maji ya sabuni, sikuipata, wala ndiyo pia sikuipata.

Usiku mmoja ningekasirika ikaisha. Lakini kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Mama wa Glavu akaja.

Msichana wa kaunta hakuwepo, alikuwa ameshuka stoo. Yule bibi akanijia mimi kwenye meza ya zawadi, kofia kichwani, akaniuliza kwa upole, "Binti, wamepata?" Nikafungua mdomo kusema tunakutafutia. Nikauona mkono wake umeshika ukingo wa meza, mtupu, na kucha zimepakwa rangi kwa ajili ya glavu ambazo hazipo. Nikamwambia, "Hakuna, mama. Hazipo na hazitakuja. Kiwanda kilichokuwa kinazitengeneza kimefungwa, na humu ndani kila mtu analijua hilo."

Mzee wa lifti akasimamisha lifti na mlango wazi.

Yule bibi akakaa kwenye kiti. Nilidhani anazimia. Akavua kofia, akaiweka magotini, akaitazama. "Kofia hii siipendi tangu siku niliyoinunua," akasema. "Nilikuwa nasubiri glavu niipende." Halafu akacheka, mume wangu, akacheka mpaka akaomba maji. Akaniambia, "Mngeniambia tangu zamani ningekuwa nimeshavaa bluu." Akapanda ghorofa ya kofia akanunua ya bluu, na glavu zake, akaondoka amezivaa.

Kaka yako hakucheka. Aliniita ofisini kwake akasema nimevunja kitu ambacho familia hii haijawahi kukivunja tangu siku za begi. Nimeondolewa kwenye meza ya zawadi. Niko juu, nyuma ya ukuta wa mbao, pamoja na mapazia yasiyo na dirisha na historia nisiyoweza kuimaliza, kwa sababu kila nikifika pale kwenye bamba la shaba mkono wangu unagoma.

Usiniandikie kwamba barua hii umeipokea.

Mkeo bado,
Kidoti

*

6 Machi

Mwanangu,

Sijawahi kukuandikia tangu ulipokuwa bwenini, kwa hiyo ukiona mwandiko wangu usiogope, hakuna aliyekufa.

Mkeo analia upande wa pili wa ukuta. Anadhani sisikii. Mimi nilivyoolewa nililia upande huo huo, na bibi yako akasikia, na ukuta ni ule ule.

Alipoandika habari za bamba nilitaka kumsahihisha, sikumsahihisha. Nimemsahihisha mambo madogo yote, hilo kubwa nikaliacha lipite, maana ni zaidi ya miaka thelathini tunaliacha lipite. Bibi yako hakusema maneno yale tu. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nasimama kaunta ya glavu, naye aliyasema kila asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Alisema, "Mteja haambiwi hakuna, huambiwa ni lini." Ndiyo yote hayo. Kama kitu hakipo, unamwambia siku kitakapokuwepo, na kama hiyo siku haipo unamwambia akatafute kwingine, na unamwelekeza duka lenyewe. Babu yako alikuwa akiumwa tumbo kwa hasira akimwona anawapeleka watu kwa washindani wetu. Walikuwa wanarudi, ndiyo ajabu yake.

Alipofariki, babu yako akaagiza bamba. Fundi akasema maneno yote hayaenei. Babu akasema basi chonga yanayoenea. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, bibi harusi wa jana, nikanyamaza, kwa sababu shaba ilikuwa inang'aa vizuri.

Nimewalea ninyi wawili chini ya bamba lile. Kaka yako anaendesha duka zima kwa nusu ya sentensi, na wewe unaendesha ndoa.

Mjibu mkeo.

Mama

*

12 Machi

Kidoti,

Hapana, sirudi mwezi huu. Hapana, wala mwezi ujao.

Hapana, vile vyumba sikuviangalia kwa karibu wala kwa mbali. Nilipoandika hivyo nilikuwa nautazama ukuta wa stoo.

Nimeandika mistari hiyo miwili juu nikatoka nje nikazunguka lori. Sijawahi kuliandika neno hilo kwa mtu ninayempenda. Nyumbani tukiomba baiskeli tulikuwa tunaambiwa inatafutwa. Kaka yangu mpaka leo hajui kama aliwahi kunyimwa baiskeli.

Siku ya harusi, wakati wa kupiga picha, wewe umenishika mkono huu, kaka alininong'oneza upande wa pili kama ninaweza kukaa huku mwaka mzima. Nikamjibu, "Naliangalia." Akaelewa ndiyo. Nikaja kukwambia wewe majuma mawili, kwa sababu ndiyo niliyoyatamani. Halafu ukaniuliza habari ya vyumba nikakujibu kwa maneno yale yale, nawe ukaelewa ndiyo. Kwa neno hilo sikumdanganya mtu yeyote kati yenu, na wote wawili mmedanganyika. Ningejisikia vizuri zaidi kama ningedanganya.

Kaka nimemwandikia kwa lori hili hili. Mwaka, hapana. Nitasimamisha rafu na ghorofa, itakwisha mwezi wa sita, na baada ya hapo atafute meneja. Mwezi wa sita, tarehe ishirini, niko nyumbani. Atakasirika. Akikasirika mbele yako, usinitetee, nyamaza tu ule.

Ninapoishi ni stoo, Kidoti. Sijakwambia. Kuna makreti pande tatu na kitanda cha kukunja upande wa nne, na miguu yangu inatoka nje ya kitanda. Hakuna dirisha. Hakuna ukuta wa mbao pia, ni tofali. Sikukuita kwa sababu niliona aibu, wewe unashona hariri. Sasa nakuuliza. Utakuja ukae nami humu mpaka mwezi wa sita? Ukisema hapana nitaelewa, na nitakuwa nimestahili.

Na kama ni ndiyo, niambie ni lini.

Mrefu

*

16 Machi

Mrefu wangu,

Hii ndiyo barua pekee ya mapenzi uliyowahi kuniandikia. Zile nyingine zilikuwa karatasi ya kufungia. Nimeisoma ile "hapana" ya kwanza nikakaa chini. Ya pili nikasimama. Ya tatu nikamgongea Mama ukutani, akagonga pia. Bado nina hasira, usifikiri. Kila nikipita kwa fundi saa nainua macho kwenye lile gazeti dirishani na hasira inapanda upya. Nadhani itakaa nami muda. Tutaigawana.

Kaka yako amepata barua yako. Wakati wa chakula aliponda mkate wake mpaka ukawa unga. Mwishowe akamuuliza Mama, "Hivi ile baiskeli mlininyima?" Mama akasema, "Ndiyo, baba. Tulikunyima." Akashusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Kwenye meza ya zawadi hajanirudisha, na nimemuuliza waziwazi kama atanirudisha, akaniambia hapana. Nikamshukuru, akashangaa.

Historia nimeimaliza. Babu amebeba begi, tena begani. Lifti ilinunuliwa kabla ya ghorofa. Na bamba nimelieleza lote, pamoja na fundi aliyesema hayaenei na bibi harusi aliyesimama hapo akanyamaza. Nilidhani Mama atalifuta hilo la bibi harusi. Alivaa miwani, akaongeza kwa mkono wake, "wa kaunta ya glavu." Ameshaagiza bamba jipya. Fundi wa sasa naye kamwambia maneno hayaenei. Mama kamwambia, "Punguza ukubwa wa herufi."

Mapazia nimeyapiga pasi, yako kwenye begi. Yalipimwa kwa dirisha kubwa, kwa hiyo ni mapana kuliko ukuta wako. Tutayatundika kwenye tofali hivyo hivyo, na asubuhi utayafungua kwa heshima zote kana kwamba kuna barabara, nami nitakuuliza nani kapita na kavaa nini.

Dereva wa lori anasema kuna nafasi mbele, kama sitazungumza sana. Nimemwambia hapana, nitazungumza njia nzima. Barua hii nilitaka kumpa yeye akukabidhi, kisha nikaona upuuzi. Nitakukabidhi mwenyewe. Isome yote kabla hujanisalimu, nataka nikuone ukiisoma.

Umeuliza ni lini. Inua macho.

Mkeo,
Kidoti